Mtandao wa bure na hongo yake

Ndugu msomaji, juma hili naanza na barua. Imetoka kwa msikilizaji wa Kigoma anayeandika kwa niaba ya vijana wenzake wa mtaa mmoja. Wamesikia kwamba hapa Tabora tuna mtandao wetu wenyewe wa kijamii, usio wa kampuni kubwa ya ng'ambo, na kwamba programu yake haiuzwi. Nao wanataka kufungua wa kwao. Swali lao ni fupi: "Tuanze na shilingi ngapi?"

Swali ni zuri, nami nitalijibu. Lakini kwanza nivumilieni niwasimulie mwaka wetu wa kwanza, tangu Machi 2023 hadi Machi 2024, maana mambo yaliyotutoa jasho mwaka ule hayakuwa ya shilingi peke yake.

Tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe. Facebook, au X ambayo zamani iliitwa Twitter, ni kama jumba moja kubwa lenye mwenyewe. Unaingia bure, unakaa, unazungumza na jamaa zako, lakini milango, kuta na daftari la majina ni mali ya mwenye jumba. Akiliuza, nanyi mliomo mmeuzwa pamoja na viti. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44. Watu wengi duniani walitafuta pa kuhamia, na wengi wao wakakimbilia Mastodon.

Mastodon ilitolewa mwaka 2016 na Eugen Rochko, mtaalamu wa programu aishiye Ujerumani. Yenyewe si jumba, bali ni ramani ya kujengea nyumba. Maandishi ya programu hiyo yako wazi, na kwa sababu hiyo huitwa programu huria: yeyote anaweza kuyasoma, kuyachukua, kuyarekebisha na kuyaweka katika kompyuta yake. Kompyuta hiyo, iwakayo usiku na mchana ili wengine waifikie kwa intaneti, ndiyo tuiitayo seva. Sharti la leseni ni moja kubwa: ukiibadilisha programu na kuwapa watu waitumie, nawe uyaweke wazi mabadiliko yako. Na sharti hilo lina meno. Mwaka 2021 ilibainika kwamba Truth Social, mtandao wa Donald Trump, umejengwa kwa maandishi ya Mastodon bila kuyaweka wazi. Wenye Mastodon waliandika barua ya madai, na kabla ya mwaka kwisha maandishi yakatolewa.

Seva za namna hii ziko maelfu, kila moja ina mwenyewe na kanuni zake, lakini huzungumza kwa lugha moja iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa Januari 2018 na W3C, chombo kinachosimamia kanuni za wavuti duniani. Kwa hiyo mtu wa Tabora anaweza kumfuata mtu wa Berlin na kujibizana naye, bila wote wawili kuwa wapangaji wa kampuni moja. Na mwenye seva akiona seva fulani inaleta matusi tu, anaweza kuifungia mlango.

Sisi watu wa Tabora hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe mpaka Ujiji haikuwa mali ya mtu mmoja. Kila mtemi alikuwa na visima vyake, soko lake na amri zake. Kilichoiunganisha njia ni mazoea yaliyojulikana na wote: kazi ya kirangozi aliyetangulia mbele, mapatano ya wapagazi wa Kinyamwezi, na hongo. Siku hizi neno hongo limeharibika. Tukilisikia tunafikiri rushwa ya chini ya meza. Wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, ukilipwa mchana kweupe kwa nguo, shanga na waya. Ugogo, ambako maji ni ya shida, hongo ilikuwa kubwa na wasafiri walinung'unika sana. Lakini kisima hakijichimbi, wala hakijilindi. Na tusiipambe njia ile kupita kiasi: ilipitisha nguo na pembe za ndovu, ikapitisha pia watu waliofungwa minyororo. Njia hupitisha kila kinachotiwa ndani yake.

Basi, Machi 2023 tulikutana watu watano: mimi, kijana mmoja fundi wa kompyuta, mwalimu mstaafu, mfugaji nyuki kutoka Sikonge, na mama mmoja mwenye duka Isevya. Shabaha yetu ilikuwa ndogo. Kila kipindi changu kilipokwisha redioni, wasikilizaji walibaki na maneno ambayo hayakuwa na pa kwenda: bei ya asali, maji, treni, shule. Tukaamua kuwapa baraza. Kijana wetu alikodi seva kwa kiasi cha shilingi elfu hamsini kwa mwezi, akaweka Mastodon kwa siku mbili, na baraza likafunguliwa.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Wanachama walipanda haraka wakafika kama mia tatu. Mfugaji nyuki wetu aliweka picha za mizinga, na wenzake wa Urambo na Kaliua wakamsahihisha. Mzee mmoja aliyeko Muscat, ambaye bibi yake alizaliwa Tabora, alituuliza kama miembe ya Kwihara bado imesimama. Mtu akaenda kuipiga picha siku ile ile. Nilipoiona picha ile nilijisemea kwamba kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Mwezi wa nne, Jumamosi asubuhi, mtandao ulizima. Sababu yake ni vizuri muijue. Mwanachama wetu akimfuata mtu wa seva nyingine, seva yetu huhifadhi nakala za picha za mtu yule ili zionekane upesi. Watu mia tatu wakifuata kila mmoja watu hamsini, mnajikuta mnatunza ghala la picha za dunia nzima. Diski yetu ilijaa pomoni, na programu ikashindwa hata kuandika salamu moja. Kijana alifagia nakala za zamani, akaweka utaratibu wa kufagia kila juma, na tukakodi nafasi kubwa zaidi. Gharama ikapanda.

Nani alipe? Hatukuwa tumepatana. Nikalipa mimi mwezi ule, na wa pili, na wa tatu. Mwezi wa tatu nilijisikia nikimwambia mtu, "mtandao wangu". Nilishtuka mwenyewe. Tulikimbia jumba la tajiri, na sasa kwa shilingi elfu themanini kwa mwezi nilikuwa nimeanza kuota pembe za utajiri. Alipaye hongo peke yake hujiona mwenye njia.

Jambo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Usiku mmoja wa Septemba mwanachama wetu mmoja, aliyejificha nyuma ya jina la utani, aliweka picha ya bibi kizee wa kijiji cha jirani. Chini yake aliandika maneno machache ya Kinyamwezi, ambayo kwa Kiswahili ni kwamba watu wamtazame macho, wajue ng'ombe na watoto wanakufa kwa nini. Ndugu msomaji, wewe uliyekulia mikoa hii unajua maneno kama hayo maana yake nini. Katika Tabora, Shinyanga na Mwanza bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini.

Picha ile iliwekwa saa tano usiku, na mimi nikaiona saa kumi na moja alfajiri. Kwa saa sita ilikaa katika nyumba tuliyoijenga sisi, kwa jina letu. Hakuna aliyekuwa zamu, kwa sababu hatukuwa na zamu. Aliyeniamsha ni msikilizaji mmoja aliyenipigia simu, sauti ikimtetemeka: "Kaka, ondoa kile kitu, yule ni mama yake mdogo mke wangu."

Nikaiondoa. Tukampigia mwenyekiti wa kitongoji, naye alikwenda kukaa nyumbani kwa bibi yule mpaka wanawe walipofika kumchukua. Hakuguswa, tunamshukuru Mungu. Lakini alihama nyumba aliyoolewa, na mpaka leo hajarudi. Hilo ni deni letu, na programu huria haina kitufe cha kulilipa.

Nililifikiria sana tukio lile. Lingetokea kwenye mtandao mkubwa, pengine hakuna mtu wala mashine ambayo ingeyaelewa maneno yale machache ya Kinyamwezi. Kwetu yalieleweka mara moja, kwa kuwa wasomaji ni watu wa hapa. Hiyo ndiyo faida ya mtandao wa nyumbani. Lakini faida hiyo haifai kitu ikiwa wanaoelewa wamelala na hawakupewa ufunguo.

Ndipo tulipokaa na kuandika kanuni, jambo lililopasa kufanywa Machi. Tuliandika kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kawaida. Picha ya mtu haiwekwi kwa kumtuhumu. Tuhuma za uchawi huondolewa papo hapo, maswali baadaye. Tukachagua wasimamizi sita wa zamu, wanawake watatu na wanaume watatu, wengine wanajua Kinyamwezi na wengine Kisukuma. Anayeondolewa maneno yake ana haki ya kukata rufaa kwa watatu ambao hawakuwa zamu. Kanuni hizo zilituletea ugomvi, na wanachama kadhaa walijitoa wakisema tumekuwa polisi. Sikuwalaumu. Mwenye seva ya mastodon.lol huko ng'ambo alitangaza mwaka ule ule wa 2023 kwamba anaifunga kwa kuchoshwa na magomvi, na maelfu ya watu wake wakalazimika kuhama. Usimamizi huchosha kuliko ufundi.

Jambo la tatu lilikuja kwa miguu. Mtu mmoja mwenye cheo chake alifika akitaka jina la kweli la mwanachama aliyeandika habari za kiwanja fulani. Alikuja kwa upole, bila karatasi. Nilimwambia kwa heshima kwamba alete maombi kwa maandishi na kwa njia ya sheria. Hakurudi. Lakini alipoondoka nilimuuliza kijana wetu tunatunza nini juu ya kila mwanachama, na jibu lake lilinishtua: tulikuwa na anwani za barua pepe, na kumbukumbu za kila aliyeingia, saa ngapi na kutoka wapi, tangu siku ya kwanza.

Hapa pana historia ambayo kila anayetaka kufungua mtandao Tanzania aijue. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums ya mwaka 2006, alikamatwa Desemba 2016. Moja ya mambo aliyoshitakiwa nayo ni kuzuia upelelezi kwa kutotoa taarifa za watumiaji wake. Kesi ilichukua miaka, na Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani, faini shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Aidha, Juni 2018 mtandao wake ulisimama kwa muda baada ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni kutaka leseni. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili, aeleze azikusanyia nini, na asikusanye kupita haja. Sisi tuliishika hiyo ya mwisho. Kumbukumbu za kuingia sasa hufutwa baada ya muda mfupi uliotajwa katika kanuni zetu, na wanachama wanajua tunachokitunza. Usichokuwa nacho hakiwezi kuibwa, wala hutashawishika kukitoa kwa sababu ya woga.

La nne, kirangozi wetu aliondoka. Kijana fundi alipata kazi nzuri Mwanza, nasi tulimfurahia. Juma moja baadaye seva iligoma, tukagundua kwamba neno la siri la seva, la jina la mtandao na la malipo yote yalikuwa kichwani mwake. Alikuwa msafarini na simu yake imezima charge. Siku mbili tulikaa gizani, watu mia tatu wakimngoja mtu mmoja.

Siku zile nilikwenda Kwihara, kwenye nyumba ya tembe alimokaa Livingstone, ambayo leo ni makumbusho. Nilikumbuka habari ya mfuko wake wa barua. Uliandikwa Zanzibar tarehe 1 Novemba 1870, ukachelewa Bagamoyo, kisha ukakwama hapa Unyanyembe, kwa sababu wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora na Mirambo walikuwa wamegombana na njia ya Ujiji imefungwa. Agosti 1871 walipigana, Mirambo akawashinda na kuchoma sehemu ya Tabora. Stanley, aliyeshiriki upande wa walioshindwa, aliuchukua mfuko ule, akazunguka kwa kusini, na kwa hesabu yake mwenyewe aliufikisha Ujiji Novemba 1871. Mwaka mmoja, barua kutoka Zanzibar! Wapagazi walikuwapo, na miguu yao ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni mapatano kati ya wenye njia.

Machi 2024 tuliitisha mkutano wa wanachama, si kwenye mtandao bali chini ya mwembe, Kiloleni. Walikuja arobaini na wachache. Nikaweka mezani hesabu, kanuni, na habari ya bibi yule bila kuficha kitu. Nikauliza kama tufunge. Mwalimu wetu mstaafu akasema tukifunga, maneno yale yatahamia mahali ambapo hakuna wa kumpigia simu alfajiri. Mama wa Isevya akajibu kwamba hata hivyo hatuna haki ya kufungua nyumba tusiyoweza kuilinda. Wote wawili walisema kweli. Tukapiga kura: tuendelee, lakini tusipokee wanachama wapya mpaka wasimamizi wafike kumi; kila awezaye achange shilingi elfu mbili kwa mwezi; maneno ya siri yakae kwa watu watatu, na nakala ya kila kitu itunzwe mahali pengine. Mimi nikavuliwa jukumu la kulipa, na hapo hapo "mtandao wangu" ukafa.

Tumeendelea hivyo mpaka leo, tukiwa wachache. Nisiwadanganye kwamba programu huria inafungua kila njia. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa; nasi tulinyamaza pamoja na wengine wote. Februari 2024 seva iitwayo queer.af ilipoteza jina lake kwa sababu herufi za mwisho, .af, ni za Afghanistan, na watawala wa huko waliliondoa. Nyumba inaweza kuwa yako, lakini njia na kibao cha mlangoni vikawa vya mwingine.

Sasa nawajibu ndugu zangu wa Kigoma. Mkiwa watu mia chache, tengeni shilingi elfu themanini kwa mwezi, na fedha ya mwaka mzima iwe mkononi kabla ya siku ya kwanza. Nendeni TCRA mkaulize kanuni za siku hiyo, kwa kuwa zimebadilika mara kadhaa tangu 2018, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mkaulize habari ya usajili. Lakini kabla ya fedha na kabla ya kugusa kompyuta, kaeni chini mjibu haya manne kwa maandishi. Nani analipa, asiwe mmoja? Nani yuko macho saa saba za usiku, na anajua lugha zote zinazosemwa mtaani kwenu? Mnatunza nini juu ya watu, na kwa muda gani? Fundi akiondoka, ufunguo uko kwa nani?

Mkishindwa kujibu hata moja, ngojeni kwanza. Mkiyajibu yote, niandikieni. Kijana wetu wa Mwanza amesema yuko tayari kupanda treni kuja kuwaonyesha namna ya kuiweka, na nauli tumekwisha mchangia.

Kwaherini mpaka juma lijalo.